Maumivu Anayomwambia Epifania

Jumatatu, 3 Juni 2024
Wiki ya tatu tangu mume wangu Gaudensi atengenezwe valvu ya moyo huko Dar. Hawakumpasua kifua – walipitia tundu dogo ubavuni. Watu wanaona kovu dogo, wanadhani na maumivu madogo. Asubuhi nimemuuliza, unaumwa? "Sijambo, mama Salome." Punde yuko uani na simu: ubavu unawaka, akikohoa anaona nyotanyota. Anamwambia Epifania! Yule mjane wa kule Matai, waliyepasuliwa naye siku moja. Mimi mkewe miaka kumi na tisa, maumivu yake nayasikilizia dirishani!

Jumatano, 5 Juni
Epifania amekuja mwenyewe. Kitenge kipya. Kamfundisha kukumbatia mto kabla ya kukohoa, na kumeza panado kwa saa, asingoje mpaka paume. Gaudensi kakohoa – hata uso hakukunja. Wakacheka! Mimi jikoni nasonga ugali wa ulezi kama napigana nao.

Alhamisi, 6 Juni
Upepo, baridi. Ubavu umemsumbua tena. Nimekwenda duka la dawa Majengo, nikataka ya maumivu yenye nguvu. Muuzaji kauliza, mgonjwa ana dawa nyingine? Nikasema hana. Ile ya kuzuia damu kuganda namletea maji mwenyewe kila jioni – nikasema hana! Kanipa diklofenaki. Jioni: "Umeniponya, mke wangu." Mimi. Si Epifania.

Jumamosi, 8 Juni
Siku mbili hajampigia. Katembea hadi kwa jirani yetu Fabiani na kurudi. Nina raha. Mungu anisamehe – raha kabisa.

Jumapili, 9 Juni
Misa hatukwenda. Damu puani tangu asubuhi, haikatiki. Khanga mbili zimelowa. Simu yake ikaita, nikapokea. Epifania. Nikamweleza. "Dada, amemeza nini zaidi ya dawa zake?" Hakuna. "Dada, sisi tulikatazwa vidonge vingine vyote vya maumivu, vinazidisha kutoka damu – panado tu. Niambie." Nikakata.

Sasa tuko hospitali. Wamemwingiza ndani. Muuguzi kauliza hilohilo – nikatoa pakiti kwenye mkoba. Kaisoma, kaondoka mbio. Gaudensi bado hajui.

Epifania kapiga mara tatu. Ya nne nimepokea. Nikasema: ni mimi, nilimpa diklofenaki. Hakunigombeza. Kauliza tu, uko na nani hapo? Niko peke yangu. Anataka kuja, anaogopa nitachukia.

Nimemwambia njoo. Njoo haraka –