Vidonge vya Upande wa Chai

Jumatatu, 3 Juni 1996
Jedwali la pili tena. Stima imepotea mara mbili asubuhi hii, nikaandika upya kila kitu. Takwimu za watoto wa Sigor hazina shida: waliopewa dawa mpya ya malaria walipona upesi, waliopewa ya zamani wengi walirudi na homa. Watoto wa upande wa chai? Hakuna tofauti hata kidogo. Haiwezekani. Ugonjwa ni ule ule, vidonge ni vile vile.

Sigor ilisimamiwa na nesi wetu, Sista Rael. Upande wa chai ni kazi ya Kamau.

Jumanne, 4 Juni
Fomu za Rael zina matope na alama za vidole vyenye uji. Za Kamau ni safi kana kwamba zimetoka dukani. Mtu aliyezunguka mashambani kwenye mvua amepata wapi karatasi safi hivyo? Sijamuuliza. Nimeanza kumwangalia.

Alhamisi, 6 Juni
Kamau amekuja na chupa yake ya chai, akanimiminia kwanza. Akauliza ripoti imefika wapi. Mbona anauliza? Alasiri akauliza tena. Nikafunika karatasi kwa kiwiko. Sijui kama aliona.

Niseme ukweli, maana hapa nasoma mwenyewe. Baba yake ana duka Kipkelion. Ni watu waliotoka Central zamani. Tangu ile miaka ya vurugu za kikabila, wao na sisi tunachekeana huku tunapimana. Fomu safi zingekuwa za Rael, ningesema ni msichana nadhifu. Hilo nalijua. Bado namshuku.

Ijumaa, 7 Juni
Daktari Koech, bosi wetu, amepiga simu kutoka Nairobi. Jarida linataka makala kabla mwezi haujaisha. Nikamweleza kuhusu upande wa chai. Akasema Kamau alijaza fomu akiwa amekaa nyumbani kwake. Nithibitishe tu, naye atamfuta kazi Jumatatu. Jina la Kamau sikulitaja mimi. Wala sikumtetea.

Jumamosi, 8 Juni
Nimekwenda mwenyewe kwenye maboma yaliyoandikwa kwenye fomu. Kamau hana habari. Nilitaka kumnasa.

Nyumba ya kwanza, kimya. Ya pili, kufuli mlangoni. Ya tatu, mbwa tu. Nilifurahi. Ni aibu kuandika, lakini nilifurahi. Watu hewa, nikasema, nimempata.

Kisha nikasikia watoto. Walikuwa wote kwa bibi mmoja, Kogo Tapsubei. Wanawake wa kilima kile huchuma chai kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na Kogo hubaki na watoto wa wote. Analisha yeye, anaogesha yeye. Dawa pia aliwapa yeye.

Kogo anamkumbuka Kamau vizuri. Alikuja kwa miguu, karatasi ndani ya mfuko wa nailoni, akavua viatu mlangoni kwa sababu ya matope. Aliwaeleza akina mama wazi wazi, kama sheria za utafiti zinavyotaka: dawa ni za aina mbili, zinafanana kwa macho, hakuna anayejua iliyo bora, na bahati nasibu ndiyo imempangia kila mtoto pakiti yake. Akina mama wakaitikia, wakatia sahihi. Kamau alipopinda kona, wakamwaga vidonge vyote kwenye bakuli moja na kuvichanganya.

"Hawa wote ni watoto yangu," Kogo akaniambia. "Nipatie huyu ile nzuri, na huyu nimpatie ile mbaya? Hapana, mama. Hiyo ni ubaguzi."

Na wakati wa kuhesabu vidonge vilivyobaki, kila pakiti ilikuwa tupu kama inavyotakiwa.

Akanipa mursik, maziwa ya kugandisha kwenye kibuyu. Nilikunywa nikiangalia chini. Njiani nikaanza kulia, kwa hasira, na hasira yenyewe haikuwa kwa Kogo, ilikuwa kwangu mwenyewe.

Jumatatu, 10 Juni
Nimempigia Daktari. Kamau hakudanganya. Daktari hakufurahi hata kidogo. Sasa anataka tuutoe upande wa chai kimya kimya, tubaki na Sigor, makala ipendeze. Na kazi ya Kamau? Akasema ataona baadaye.

Nimekataa. Sauti yangu ilipanda mpaka Rael akachungulia mlangoni. Nimesema itaandikwa yote: bakuli, zamu ya kuchuma, Kogo. Dawa hii ikiidhinishwa, watakaoitumia ni akina mama wale wale. La sivyo jina langu litoke. Kisha akasema haya, andika. Kamau abaki.

Jumatano, 12 Juni
Kamau amejua. Alipita kwa Kogo jana, akaambiwa mama mmoja wa ofisi alikuja kuuliza kama yeye hufika kweli. Sikukana. Nilimwambia nilimshuku tangu nilipoona fomu.

"Si ungeniuliza tu," akasema. Hakupandisha sauti. Afadhali angepiga kelele.

Ijumaa, 28 Juni
Makala imekwenda posta leo. Kurasa mbili nzima ni za bakuli. Jina la Kamau ni la tatu kati ya waandishi.

Nilimwonyesha kabla ya kufunga bahasha. Alisoma amesimama, bila haraka, akanirudishia.

"Iko sawa, Madam," akasema, akaenda kwa meza yake.

Miaka yote ameniita Chebet.