Wanqiu Akikaa Safu ya Mlangoni

Mtaa wa Kinu, nyuma ya shule,
Shibanqiao, Hunan.
4 Aprili 2006

Mpendwa mdogo wangu Dehou,

Hujambo wewe, na wifi yangu Suzhen hajambo? Mgongo wake umepoa, au bado anausugulia ile dawa inayonuka kama viatu vya askari? Baridi ya huko Urumqi imeanza kulegea, au bado mnakata tambi mkiwa mmevaa makoti? Sisi huku tu wazima. Mvua haikatiki, matope mpaka mlangoni, na goti langu linalalamika kila asubuhi. Lakini tofu inauzika na chakula kinalika, na kwa mtu wa miaka hamsini na miwili hiyo ndiyo afya yenyewe.

Kesho ni siku ya kufagia makaburi. Nitampelekea Mama zile keki za kijani alizozipenda, na nitamwambia umebanwa na kazi, hukukosa adabu. Wanqiu ndiye atakayebeba ufagio.

Sweta mliyomtumia imefika, ahsanteni. Rangi nzuri, sufu nzuri, ila mikono inaishia katikati. Mmempimia mtoto wa mwaka juzi. Huyu wa sasa ananipita kwa vidole viwili, na mwezi ujao anatimiza miaka kumi na mitano.

Haya, sasa kaa kitako. Ndani ya bahasha kuna karatasi yenye muhuri wa shule. Usiikunje, na tafadhali usiiwekee bakuli la tambi juu. Nitakueleza ni ya nini, ila lazima nianzie mbali, maana kosa lilianzia mbali na mimi mwenyewe nimo.

Unakumbuka Mwaka Mpya, ulipopiga simu dukani kwa mzee Fu? Ulinieleza mimi kwanza kwamba theluji imefunga njia na hamtakuja, kisha ukaomba kuongea na mtoto. Nikampa simu. Nilikuwa nimesimama pale pale nikimtazama akiitikia, "Ndiyo Baba. Ndiyo, nakula vizuri. Ndiyo Baba." Kesho yake akavaa koti lake jipya akaenda kusimama stendi ya mabasi. Na keshokutwa. Siku ya tatu nikamfuata, nikamshika mkono mbele za watu. "We mtoto! Baba yako si amekwambia kwa mdomo wake kwamba haji?" Alinitazama tu, machozi yakimlengalenga, akanifuata nyumbani. Nikajisemea, huyu kichwa chake kigumu kama cha baba yake. Sikukuandikia habari hiyo kwa sababu niliona itakuumiza bure.

Basi mwezi wa tatu nikaitwa shuleni. Unajua mtihani wa Juni ndio unaoamua nani anapanda sekondari ya juu na nani anabaki kutafuta kibarua. Katika darasa lao lenye watoto sitini, wanaopanda hawafiki nusu. Na Kiingereza kina sehemu mbili nzito: ya kusoma, ambapo mtoto anapewa habari ndefu na maswali yake, na ya kusikiliza, ambapo sauti inatoka kwenye kipaza sauti, watu wawili wanaongea mambo yao ya kununua tiketi na kuuliza njia, na mtoto anachagua jibu. Kila Ijumaa alasiri wanafanya mtihani wa majaribio. Mimi huku jikoni, ng'ambo ya ukuta wa shule, huwa nazima mashine ya kusagia soya ili nisiwasumbue, na ile sauti naisikia yote. Mimi nisiyejua hata neno moja la lugha hiyo nasikia kila kitu mpaka kikohozi cha msomaji.

Niliambiwa Wanqiu ameibia. Msimamizi alimwona akigeuza kichwa mara kwa mara kumtazama jirani yake wakati wa kusikiliza, akamfutia alama zote. Dehou, nilitamani ardhi inimeze. Watu wa ukoo wa Pang ni maskini lakini hatujawahi kuibiana hata kitunguu. Nilimburuta mpaka nyumbani, nikamsimamisha uani kwenye mvua tangu saa kumi mpaka jua lilipozama, na nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika yote. Mojawapo ni kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Hilo nakuandikia ili ujue nilivyokuwa.

Akaniambia neno moja tu. "Shangazi, yule jirani yangu ni Qiu Dapeng." Na mimi Qiu Dapeng namjua, mama yake anauza bata karibu na meza yangu sokoni. Ndiye wa mwisho darasani tangu waanze kusoma. Nani anakwenda kuiba kwenye nyumba isiyo na kitu? Lakini nilikuwa nimeshapanda, na mtu aliyepanda hasira kushuka si kazi ndogo.

Jumanne iliyofuata, bado nachuja maziwa ya soya, akaingia Mwalimu Tao, mwalimu wao wa Kiingereza. Kijana mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, viatu matope matupu. Nikajua amekuja kumfukuza mtoto. Nikaanza mimi kabla yake. "Mwalimu, mpige, mchape, fanya utakavyo, ila usimfukuze." Akasema, "Mama Pang, naomba maji ya moto ninywe, halafu nikuonyeshe kitu."

Akatandaza mezani karatasi za alama za Wanqiu za mwaka mzima. Za kusoma: juu, juu, juu, wa pili darasani, wa kwanza darasani. Za kusikiliza: wiki mbili juu, wiki mbili chini, wiki mbili katikati, kisha juu tena. Akaniuliza, "Huyu kwako anaonekana mvivu?" Nikamwambia ni mvivu wa zamu. Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mimi pia nilidhani hivyo. Mpaka jana nilipokuwa nahamisha madawati."

Unaikumbuka desturi ya shule yetu, tuliyoikuta na sisi. Kila baada ya wiki mbili, Jumatatu, safu zinahama ili macho ya watoto yasizoee kuutazama ubao kwa upande mmoja. Wa mlangoni wanasogea, wa dirishani wanazunguka kwenda mlangoni. Kipaza sauti kimetundikwa juu ya ubao, katikati. Mwalimu Tao alikuwa amechukua orodha ya zamu za kukaa akailaza kando ya alama. Wanqiu akikaa safu ya dirishani, anapata ishirini na saba katika thelathini. Akikaa safu ya mlangoni, anapata sita. Saba. Tano. Mwaka mzima hivyo hivyo, bila kukosea hata mara moja. Dirishani, kipaza sauti kiko kushoto kwake. Mlangoni, kiko kulia.

Nikamwuliza, kwa hiyo? Akaweka kidole mdomoni. Wanqiu alikuwa ametupa mgongo, anachagua mawe kwenye soya. Mwalimu akamsogelea taratibu kwa nyuma, akasimama upande wa kulia, akasema kitu kwa Kiingereza, sauti ya kawaida tu, kama unavyomwambia mtu apishe njia. Mtoto anaendelea kuchagua mawe. Akasema tena. Wapi. Akahamia kushoto, akarudia maneno yale yale kwa sauti ile ile. Wanqiu akageuka akamjibu kwa Kiingereza, haraka, kwa tabasamu, kisha akatuona tulivyomtazama na tabasamu likamwisha.

Jamani Dehou. Miaka yote hii namwita haitiki, nasema ana kiburi. Namtuma chumvi ananiletea siki, nasema ananifanyia makusudi. Alikuwa akigeuza kichwa ili sikio zima lielekee sauti, na mimi nikamsimamisha mvuani kama mwizi.

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Nilidhani kila mtu ana sikio la kusikia na sikio la kulalia." Kisha akasema alipokuwa mkubwa akajua si hivyo, lakini aliogopa nikikuandikia mtakuja na kuacha kazi kwa ajili yake, na alipenda mje, lakini si kwa hilo.

Sasa nafika pagumu. Nimechana barua mbili hapa.

Alipokuwa na miaka minne, mwaka ule wa mafuriko nilipokaa naye mwezi mzima ninyi mkijenga ukuta upya, aliumwa sikio la kulia. Alilia usiku na mchana. Nilimtia mafuta ya ufuta ya uvuguvugu, kama Mama alivyotutia sisi, na usaha ulipotoka nikafurahi nikasema uchafu umetoka. Aliponyamaza nikasema amepona. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya maji na mimi sikuona haja. Mliporudi niliwaambia alikuwa na mafua kidogo tu. Daktari ametazama wiki iliyopita, anasema kiwambo kilitoboka zamani na vya ndani vimekufa, na sikio hilo halirudi. Nilimweleza Wanqiu yote siku hiyo hiyo, tukiwa kwenye benchi la hospitali, nimekaa upande wake wa kushoto. Alininunulia andazi la mvuke tukala nusu kwa nusu. Yeye amenisamehe upesi mno. Wewe chukua muda wako. Ukitaka kunitukana, nitukane, nimekulea na ninajua matusi yako yote.

Karatasi ndiyo hii sasa. Sheria za mtihani zinasema mtoto mwenye cheti cha daktari anaweza kuombewa asamehewe sehemu ya kusikiliza, na alama zake za kusoma zikuzwe zijaze pengo lile. Kwa anavyosoma huyu, Mwalimu Tao anasema anapanda sekondari ya juu bila wasiwasi. Anayetia sahihi ni mzazi, si shangazi, na lazima irudi kabla ya tarehe thelathini. Mwalimu aliomba badala yake apewe tu kiti cha upande wa dirisha, akaambiwa viti vya mtihani hupigiwa kura na hakuna wa kuchaguliwa. Kwa hiyo ni mawili: asamehewe, awe salama, au akae na wenzake na kura imtupe itakapomtupa. Ikimtupa mlangoni, tumemaliza.

Mimi nikasema sahihi iwekwe, mjadala wa nini? Wanqiu akakataa. "Shangazi, nikikaa dirishani nasikia kuliko wote. Kwa nini niandikwe kwamba sisikii?" Nikamwambia fahari haijazi bakuli. Akaniambia na woga haujazi. Mwalimu Tao akakohoa akatazama dari. Tumevutana siku nne, mimi nasaga, yeye anachagua mawe, hakuna anayeshinda. Naogopa, Dehou. Naogopa kumsukuma tena mahali nisipopajua, kama nilivyofanya na yale mafuta. Lakini naogopa zaidi nikimfikiria na ndoo ya tofu begani maisha yake yote, naye ana kichwa kile.

Jana asubuhi mwenyewe akaacha kuchagua mawe. Akasema, "Nitakubali atakalosema Baba. Lakini nataka nimsikie mwenyewe akisema."

Nikamjibu mbona unaongea naye kila mwezi. Akainamisha kichwa. Ndipo akaniambia. Simu ya mzee Fu imepigiliwa ukutani kwenye kona, waya wake mfupi kama mkia wa nguruwe, na ukisimama pale kati ya ukuta na magunia ya mchele, ni sikio la kulia tu linalofika. Kila mwezi anasikia mvumo kama maji kwenye bomba. Anajua ni wewe, basi anaitikia ndiyo, ndiyo, nakula vizuri, asikuharibie furaha. Ile siku ya Mwaka Mpya alidhani umemwambia mnakuja.

Na wewe uliniandikia mwaka jana kwamba mtoto amekupoa, kwamba unamwaga moyo wako wote kwenye simu naye anakujibu kama karani. Miaka sita tangu mhamie huko, mdogo wangu. Hajasikia hata neno moja.

Mzee Fu nilipomweleza alinuna, akasema simu yake haina ubaya, kisha nikamwona amepanda kigoda na bisibisi. Amefunga waya mpya, mrefu, unafika mpaka mlangoni. Hataki hata tofu ya bure. Mwambie ahsante, lakini usimsifu sana, atatusimulia mpaka tuzeeke.

Basi piga Jumapili ya tarehe kumi na sita, saa nne asubuhi. Barua itakuwa imekufikia. Kwanza msikilize yeye, kisha umwambie uamuzi wako, na utakalosema tutalifuata sote wawili, hata kama mimi nitanung'unika. Halafu usikate simu. Yale uliyokuwa ukimwambia miaka yote hii, yale ya tambi na theluji na jinsi mnavyomkumbuka, anza nayo upya tangu mwanzo. Ameshajifunza kushika simu kwa mkono wa kushoto. Amekuwa akijaribu na bakuli.

Msalimie sana wifi yangu Suzhen, na yule mzee jirani yenu anayewakopesha makaa. Mwalimu Tao anawasalimu. Qiu Dapeng naye anawasalimu, ingawa hamumjui. Anasema anaona fahari kwamba kuna mtu aliwahi kudhaniwa ameiba majibu yake.

Njia zenu ziwe kavu, moto wenu usizime, na Mama na Baba wawatazame huko mliko kama nitakavyowaomba kesho.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata utakaponinunia,

Guizhi