Bomba la Chumbani Kwako

Mpendwa mama mkwe,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa uani kwako hapa Ulemo, nimeegemea ukuta uleule wa chumba chako, upande wangu wa nje. Arobaini yako imekwisha jana, wageni wameondoka na sufuria za watu zimerudishwa. Kuna jambo moja ambalo kwa miaka minane nilitaka kukuuliza nikaona haya. Nilitaka kujua kama uliniamini. Leo nimepata jibu, na wewe hupo.

Unakumbuka bomba la chumbani kwako lilipopasuka? Ulikuwa mwaka aliozaliwa mjukuu wako wa kwanza. Lilipita nyuma ya kitanda chako, chini ya dirisha, likielekea jikoni, na maji yalikuwa yanakula ukuta wa tofali za udongo taratibu. Wewe ulikuwa unalala chini ya ukuta huohuo. Fundi mmoja aliitwa, akaunganisha bomba kwa moto, akaviringisha mpira wa baiskeli juu yake, na baada ya wiki mbili likaanza kuvuja tena. Akaitwa tena, akaongeza mpira mwingine. Ukuta ukaanza kuachia.

Na mimi mkweo ni fundi bomba. Sokoni walinitania: "Fundi, tunasikia kwa mkweo kuna bwawa siku hizi, mnafuga kambale?" Nilicheka nao, lakini iliniuma. Kwetu mkwe mwanamume haingii chumbani kwa mama mkwe, na wewe hukuwa mtu wa kupunguza heshima hata robo. Shemeji, mwanao mkubwa, alishauri nitoe mbuzi, mwiko uondolewe, niingie nifanye kazi. Ukamjibu kwa sauti tuliyoisikia mpaka barabarani: "Heshima yangu si mbuzi, hailiwi kwa pilipili."

Basi nikaja na vile viungo vipya vya bomba, vya kusukuma. Nilikuwa nimevitumia mara tatu tu. Havitaki gundi, havitaki moto, havitaki spana. Unakata bomba bila mshazari, unalainisha ukingo, unasukuma ndani, basi. Ndani mna mpira wa duara unaozuia maji, na meno madogo ya chuma yanayolishika bomba lisirudi nyuma. Nikawaza, kama kazi yenyewe ni kusukuma, mama si ana mikono?

Mke wangu Rehema alikuwa kwetu na mtoto mchanga, kwa hiyo siku ile tulikuwa wawili tu, wewe ndani na mimi nje. Niliweka kiungo, mkasi wa bomba na kisu kwenye kigoda cha mlangoni, nikakohoa, nikazunguka nyuma ya nyumba. Nikakusikia unatoka kuvichukua. Kisha nikafunga koki kubwa, nikasimama chini ya dirisha lako nikiutazama mlima, ingawa pazia lilikuwa limeshushwa.

"Mama, kata palipopasuka, kisha weka kiungo kando ya bomba, upime litaingia mpaka wapi. Hapo weka alama ya mkaa."

"Mkaa unafutika, mkwe."

"Basi weka alama yoyote."

Ukafunga uzi mwekundu, ule wa kusukia vikapu vyako, mmoja kwenye kila ncha ya bomba. Mimi nisingelifikiria hilo. Nikakusikia ukihema, ukisukuma, ukisema na bomba kwa Kinyiramba kama unayekaripia mbuzi. Mwishowe ukaniambia tayari. Nilipofungua koki tu, maji yakaanza kufoka humo ndani. Nikakimbia kufunga.

"Mama, umezungushia kitu?"

Ukakohoa.

"Mama?"

"Kampira kadogo tu."

Nilichuchumaa nikacheka bila sauti, maana kumcheka mama mkwe si adabu. Ulikuwa umefunga utepe wa mpira wa baiskeli kwenye ncha ya bomba kabla ya kusukuma, kama ulivyowaona mafundi wote wakifanya maisha yako yote. Bomba likaishia nusu ya njia. "Kitu kisichofungwa kitashikaje?" ukaniuliza, na haukuwa utani. Nikakwambia kinajishika chenyewe. Ukasema, "Hata ng'ombe mpole hufungwa."

Nikakuelekeza ubonyeze ile pete ya mdomoni mwa kiungo, ulivute bomba litoke, ukate ile ncha iliyokwaruzika, ukwangue ukingo kwa kisu, ufunge uzi upya. Safari hii bila kampira. "Sukuma mpaka mdomo wa kiungo uguse uzi," nilisema. "Umegusa," ukasema. Nikafungua koki.

"Mkwe, sisikii kitu."

"Ndivyo inavyotakiwa, mama."

Ulinipikia ugali wa mtama na mlenda, ukauacha kwenye kigoda kilekile, ukarudi ndani. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile.

Ukuta ukakauka, lakini kazi ile sikuwahi kuiona. Kila nikija kukusalimia nilikuwa napapasa ukuta kwa nje, nasema moyoni, nilipoondoka tu huyu mama alichukua mpira wake akakiviringishia kiungo kizima. Sikukulaumu. Ila ilinikaa.

Leo asubuhi shemeji amesema chumba kipigwe plasta, akataka niingie nikague bomba kwanza. "Ingia tu, mwenyewe hayupo." Nilifika kwenye kigoda, nikaishia hapo. Nikalia pale mlangoni, mama, mbele ya shemeji yangu, na sikujificha. Nimekukosa sana. Halafu nikazunguka nyuma ya nyumba, nikamwomba Rehema aingie badala yangu.

"Unaona nini?" nikamuuliza kupitia dirisha lako.

"Kiungo."

"Kimefungwa na nini?"

Nadhani alikuwa anainama.

"Hakijafungwa. Kiko kitupu. Kuna uzi mwekundu huku na huku, umegusa midomo yake. Pakavu kabisa."

Nikaupapasa ukuta kwa nje.

"Halafu kuna utepe wa mpira wa baiskeli," akaendelea, "umetundikwa kwenye msumari, juu yake hapa. Umekauka unapasuka. Haujafungwa popote."

Miaka minane, mama. Ulilala na mpira ule karibu na mkono, tayari kwa siku nitakayokuangusha, na hukuwahi kuutungua. Hilo nalipokea lote, msumari na mpira wake.

Nimemwambia shemeji plasta ipigwe, ila msumari ule usiguswe. Kisha nimeenda kuifungua koki kubwa mpaka mwisho, nikarudi hapa kwenye ukuta wetu, nikaweka sikio.

Sisikii kitu, mama.

Pumzika.

Mkweo, wa upande wa nje