Masharti Mawili ya Kutoka Kiwandani

Mpendwa pacha wangu Kulwa,

Naandika nikiwa kwenye kiti chako, mbele ya ile kompyuta ya mzani. Bado nipo.

Unakumbuka watu binafsi waliporuhusiwa kununua pamba, bosi akafungua kiwanda hiki hapa Bariadi, akaleta kompyuta hii ya mfumo wa Unix ambayo hakuna aliyeijua? Ulijifunza kwenye kitabu kilichokuja nayo, nami nikajifunza begani kwako. Skripti yako ya kwanza, yale maagizo ya kuiongoza mashine, ilitakiwa kupokea pamba mpaka saa kumi na mbili jioni. Ukaandika: if [ $saa -lt 12 ], yaani saa ikiwa pungufu ya kumi na mbili, pokea. Mashine haihesabu saa kama sisi. Kumi na mbili yake ni saa sita mchana.

Jua liko utosini, mikokoteni ya ng'ombe kutoka vijiji vya Nkololo na Sapiwi imejaa uwanjani, mzani ukagoma. Mzee mmoja akakuita dirishani: “Ng'wanawane, mwanangu, mmefunga? Au hiyo kompyuta yenu imelewa?”

“Haijalewa, baba. Inafuata saa ya Wazungu.”

“Basi iambie ng'ombe wangu ni Wasukuma!”

Tulicheka mpaka ukashindwa kuandika. Mimi ndiye niliyebadilisha 12 kuwa 18. Hilo hukulisema kwa bosi.

Ulipotaka kuondoka, bosi alikupa masharti mawili: msimu uwe umekwisha, na mtu wa kushika mashine awe amepatikana. Siku ya kufunga msimu ukaniita nikushikie kiti unywe chai. Bosi akachungulia, akasema, “Mtu kapatikana, tena sura ile ile!” Nilidhani ni utani. Jioni nikaambiwa umepanda basi la Dar.

Sasa ni zamu yangu. Chuo cha ufundi Mwanza kimenipa nafasi, na nisiporipoti mara tu msimu ukifungwa, anapewa mwingine. Vyeti vyangu viko kwenye droo ya bosi. Masharti ni yale yale: [ msimu umekwisha -a mtu amepatikana ]. Hiyo -a wewe ndiye uliyenifundisha: pande zote mbili ziwe kweli kwa pamoja, la sivyo jibu ni uongo.

Nimepiga hesabu. Msimu ukiwapo, vibarua wapo na mmoja nimeshamfundisha. Upande wa kwanza uongo. Msimu ukiisha, vibarua wote wanaachishwa siku hiyo hiyo. Upande wa pili uongo. Nilimwonyesha bosi kwenye karatasi. Akasema, “Doto, wewe una akili sana. Ndiyo maana sikuachii.”

Nina kinyongo, Kulwa, sikufichi. Misimu minne nimekaa kwa ajili ya chai yako. Lakini leo sitaki radhi, nataka mtu. Msimu unafungwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Njoo ukae hapa, bosi akuone, anipe vyeti. Sharti hupimwa mara moja tu. Likishakuwa kweli, mashine inaendelea na mstari unaofuata, hairudi nyuma kuuliza. Nitakuwa kwenye basi kabla bosi hajakaa chini.

Wewe utatokaje? Sijui. Mimi niliachiwa swali hilo hilo, na hakuna aliyenisaidia kulijibu.

Ndimi pacha wako mdogo,
Doto