Papa Stelio na Neno Tulilolisikia Vibaya

Ni mwaka mmoja sasa, Papa Stelio, tangu tulipokuzika huku tukiwaficha watu wewe ulikuwa nani. Karatasi ya mazishi ilisema "dereva mstaafu wa malori, Clairwood", basi. Binti yako Marcelline ndiye aliyeiandika, na sisi wengine tukaisoma, tukaipitisha. Wagiriki waliojaa viti vya nyuma waliigeuza upande wa pili, wakitafuta palipoandikwa kwamba uliimba. Upande wa pili haukuwa na kitu.

Wanasema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Hii si yako, Papa. Hii ni ya wazima, na leo tunaianika wenyewe.

Ulizaliwa Kasenga, kule Kongo, kando ya mto Luapula. Mama yako Mubemba, baba yako Mgiriki mnunuzi wa samaki, aliyeimba nyimbo za kisiwa chao huku akipima mizani. Ulizishika zote kwa masikio. Hapa Durban uliendesha lori siku tano. Jumamosi ulivaa shati jeupe, ukachukua lauto, lile gitaa lako lenye tumbo nene, ukaenda kuimba kwenye harusi za Wagiriki. Miaka ishirini na sita! Walikuita mpaka Johannesburg. Wagiriki walisema wewe Mkongo, Wakongo wakasema wewe Mugreki, nawe ulicheka tu: "Miye niko Stelio. Bukari ninakula, zeituni ninakula." Na kweli ugali na zeituni ulivila pamoja, sahani moja, mkeo Mama Yvette akigeuza uso asione.

Kila Jumatano jioni uliwaimbia wazee wa Kigiriki waliosahau hata majina ya watoto wao, lakini beti walizikumbuka. Ukirudi ulipita saluni kwa Marcelline, ukawamenyea wasusi machungwa. Kurekodiwa hukutaka kabisa. "Wimbo unasikiaka ku mutu, haiko ku mashini," ulisema, na kubishana nawe ilikuwa kupoteza muda.

Sasa tuseme lile.

Harusi ya Marcelline, miaka kumi na minne iliyopita, ukumbini Morningside. Ulisimama bila kuitwa, ukashika maikrofoni, ukaimba Kigiriki polepole, macho yote kwa binti yako. Na kila mwisho wa ubeti neno lilelile: kilio, kilio. Meza za wakwe zikaweka vijiko chini. Mama mkwe, mtu wa Bukavu, akainuka: "Haka kazee kanalilia nani? Tumekuya ku ndoa ao ku matanga?"

Marcelline alitamani ardhi ipasuke immeze. Akaja mbio na gauni lake lote, akakunyang'anya maikrofoni. "Papa, basi! Unanipatisha haya!" Ulifungua mdomo ueleze, akakupa mgongo. Na sisi? Sisi tulitazama sahani zetu, eti tunakula.

Tangu siku ile hukuimba tena mbele yetu. Hata bafuni ulioga kimya. Mjukuu wako Inès alipokuomba umfundishe, ulimjibu, "Uliza kwanza mama yako." Mama yake alikuwa palepale. Akajifanya ana mteja.

Mwezi uliopita Kiria Foteini, yule bibi wa Kigiriki mwenye miaka themanini na zaidi, alikuja saluni na bakuli la ngano ya kuchemsha yenye sukari na zabibu, maana wao huwakumbuka marehemu hivyo. Ndipo Marcelline akamuuliza: kwa nini Papa aliimba kilio siku ya harusi yangu? Bibi alicheka kwanza. Kisha akaona uso wa aliyeuliza, akaacha. Kwa Kigiriki, akasema, "ki" ni "na". "Ilio" ni jua. Mwezi na jua. Ni wimbo wa baba anayemwoza binti: mwezi na jua vinatoka nyumbani kwangu, viende vikaangaze kwa watu wema.

Eish, Papa! Marcelline alikaa chini palepale, juu ya nywele zilizofagiliwa, mteja akiwa bado na povu kichwani. "Miaka kumi na minne," alisema. "Hata siku moja sikumuuliza." Wasusi walizima dryer. Hajui kama ulikuwa unangoja aulize. Anaogopa kwamba ulikuwa unangoja.

Kwa hiyo tangazo hili lina ombi. Ninyi wote mliooa na kuolewa kwa sauti yake, mwenye video yoyote, hata ya simu, hata fupi, amletee Marcelline saluni. Inès anataka kujifunza, na safari hii mama yake ndiye anayemtafutia. Kwetu iko moja tu, ya harusi ile. Unaimba sekunde arobaini, kisha unatokea mkono wenye pete mpya.

Wanaokukumbuka: mkeo Mama Yvette, mwanao Serge, mjukuu wako Inès, na Marcelline, aliyeomba jina lake liandikwe mwisho.

Daima tutakukumbuka, Papa. Kama ulituwekea kinyongo, utusamehe. Na kama hukutuwekea, hapo ndipo haya inatuzidi.