Kikohozi Badala ya Alama ya Mshangao

Yaya Faida, dada yangu, jambo sana huko Bukavu!

Hapa Kindu mvua inapiga mabati, na wali kwa samaki wa mto Lualaba umeninenepesha. Akina mama ninaowafundisha kompyuta huku mtaa wa Alunguli walikuwa kimya mno, nikaogopa watanikimbia. Jana nikawaeleza kwamba tukiandika programu, alama ya mshangao mbele ya neno maana yake ni "hapana".

Mama Zaina, muuza samaki, akacheka. "Mwalimu, hapana gani hiyo ya kelele? Wakati wa vita, askari wakigonga mulango, bwana yangu alikuwa anakohoa tu kidogo. Maana yake njo kusema: usifungue. Muweke kikohozi!"

Wengine wakadakia: nukta-mkato inayofunga mstari iwe neno "basi", mabano yawe samaki wawili wanaotazamana. Tulicheka mpaka machozi. Huyo bwana wa Mama Zaina yuko hai, ndiye anayemleta darasani kwa pikipiki.

Saa sita nikauliza, "Mumechoka, turudi nyumbani?"

Darasa zima likakohoa.

Mkumbatie mama sana kwa niaba yangu. Mwambie huku nimepata watu.

Mdogo wako,
Neema