Hapana Vuta

Diani, Alhamisi. Mvua imepita, lakini mawingu hayajaondoka.

Nimeliacha daftari hili muda mrefu bila ya kuaga. Hiyo si adabu, nami naomba nisamehewe. Leo naandika kwa sababu naogopa.

Mwanangu Bakari anajifunza urubani katika kiwanja kidogo cha ndege nyuma ya mashamba ya minazi. Tangu tupate Uhuru, vijana wetu wanaitwa kushika kazi zilizokuwa za wageni, nami nilijivunia. Jumatatu nilikwenda kumtazama kwa mara ya kwanza.

Ndege iligusa ardhi, ikaruka tena kama panzi, ikainua pua, kisha ikajibwaga kwa kishindo. Gurudumu moja lilipinda. Niliketi mchangani na kanzu yangu nyeupe.

Bakari alitoka anacheka, mdomo unavuja damu.

"Shikamoo, baba. Usinitazame hivyo. Haya ni makosa ya sarufi yako."

Mkufunzi wake ni Mzungu aliyezaliwa bara, na Kiswahili chake ni cha kuamrisha wapishi. Ndege iliporuka alipiga kelele: "Hapana vuta!" Alikusudia kusema "Usivute." Lakini Bakari ni mtoto wa mwalimu wa Kiswahili. Alisikia sentensi mbili: Hapana. Vuta! Akauvuta usukani kwa nguvu zake zote.

Barazani wanacheka. "Mwalimu," jirani yangu Mzee Hamisi ameniambia, "ungalimwacha mtoto aseme ovyo kama sisi, angalitua salama!"

Nilicheka nao. Kahawa yangu sikuimaliza.

Leo baada ya alasiri Bakari alipiga magoti mbele yangu. Jumamosi anatakiwa kuruka peke yake.

"Baba, naomba radhi zako. Bila ya radhi zako sipandi."

Najua hatapanda. Nikimnyima, nafasi yake atapewa mwingine, naye atabaki hapa, mzima, akinitazama kila siku. Nikimpa, hakutakuwa na mtu wa kumwamrisha vibaya huko juu, wala wa kuukamata usukani.

Nilimwambia mama yake kwamba huenda nikamwomba kijana asubiri kidogo. Hakuinua macho kutoka kwenye mbuzi ya nazi.

"Radhi haikopeshwi, bwana. Mpe au mnyime."

Kesho baada ya swala ya Ijumaa Bakari atakuja kusikia jibu. Nikishalitamka, nitaliandika hapa kwa mkono huu huu.